Kibaba Kisichoonekana

Haki katika kupima ni jambo la kale sana. Tangu watu walipoanza kuuza na kununua, mwenye bidhaa alishika kipimo, na mnunuzi alikitazama kipimo kile kwa macho mawili. Watu wa pwani walikuwa na kibaba; sisi huku Kisangani tunapima mchele kwa kopo. Mnunuzi hutazama kama kopo limebonyezwa chini, kama limejaa mpaka juu, kama vidole vya muuzaji vimeingia ndani pamoja na mchele. Wakigombana, hugombana juu ya kitu ambacho wote wawili wanakiona. Hata mchimbaji wa almasi, akipeleka jiwe lake kwa mnunuzi mjini, hutaka mizani iwekwe juu ya meza. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, uzito mdogo kabisa. Lakini mchimbaji huinama aione namba, maana anajua ya kuwa katika namba ile mna chakula cha watoto wake.

Sasa iko bidhaa nyingine inayouzwa katika kila mtaa, katika Makiso na Mangobo, katika Kabondo na Tshopo, na ng'ambo ya mto huko Lubunga. Bidhaa hiyo watu huiita mega. Mtu hununua mega za siku moja, au za juma, au za mwezi, apate kusoma habari, kumwandikia ndugu aliye Kinshasa au Bunia, kutuma picha ya mtoto aliyebatizwa. Kisha asubuhi moja hupata ujumbe: mega zako zimekwisha. Hapo husikika maneno tunayoyajua sote. Mmoja asema, "Wameniibia." Mwingine asema, "Hapana, umezitumia mwenyewe." Wala hakuna awezaye kuleta kopo na kuonyesha.

Basi swali letu ni hili. Mtu anayeuza kitu kisichoonekana, na kukipima kwa kipimo anachokiona yeye peke yake, haki inamdai nini? Tena, mnunuzi naye anadaiwa nini? Si swali la mafundi tu. Ni swali la dhamiri, na limeingia katika nyumba zetu bila kubisha hodi.

JINSI HESABU INAVYOFANYIKA

Hatuwezi kuhukumu jambo tusilolijua, kwa hiyo yatupasa kwanza kutazama kazi yenyewe. Simu inapofungua picha, picha ile haiji nzima. Hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hutiwa kama katika bahasha yake, yenye anwani ya kinakotoka na anwani ya kinakokwenda. Kwa desturi kipande kimoja pamoja na bahasha yake hakizidi baiti 1,500, na bahasha peke yake mara nyingi ni baiti 40 au zaidi. Baiti ndiyo punje yetu ya mchele. Mega moja ni punje kama milioni moja.

Katika mtandao wa simu, vipande vyote hupita katika mashine iliyo kama mlango kati ya minara na intaneti. Hapo mlangoni yuko karani. Karani huyo si mtu bali ni programu. Huhesabu baiti zinazoingia na baiti zinazotoka, kisha huandika: namba fulani ilifungua saa fulani, ikafunga saa fulani, zikaja baiti kadha, zikaenda baiti kadha. Maandiko hayo hupelekwa katika mashine ya hesabu, nayo hutazama bei na kukata. Kwa wale wanaolipa kwanza, kama sisi wengi, mashine ya hesabu haitoi mali yote mara moja. Hukata fungu dogo na kumpa karani wa mlangoni. Fungu likiisha karani huomba jingine. Na mali ya mteja ikiisha, mlango hufungwa.

Wako pia wauzaji wadogo. Mtu hununua antena ya satelaiti, huiweka juu ya paa, huwagawia majirani intaneti, na mwisho wa mwezi huwadai kila mmoja kwa kadiri alivyotumia. Ruta yake hupeleka hesabu katika kompyuta, mara nyingi kwa taratibu iitwayo RADIUS, ambayo kanuni zake za kuhesabu zilitangazwa upya mwezi wa Juni 2000. Kazi ni ile ile: alianza lini, alimaliza lini, baiti ngapi.

Mpaka hapa hakuna ubaya. Kuhesabu ni kazi ya haki. Asiyehesabu huwatoza wote sawasawa, na ndipo mjane anayesoma barua mbili kwa juma humlipia kijana anayetazama mpira usiku kucha. Wale wanaolipa umeme kwa kadiri moja tu, bila mita, wanajua machungu ya jambo hilo: anayewasha taa moja hulipa sawa na anayewasha kumi. Kwa hiyo hatusemi mita ziondolewe. Twasema mita iwe ya haki.

TUSIHUKUMU KWA HARAKA

Amri ya nane hutukataza kumsingizia mtu, hata kama mtu huyo ni kampuni kubwa. Yafaa tujue ya kuwa mara nyingi yule asemaye "sikusoma kitu" anasema kweli, na kampuni isemayo "zimetumika" nayo inasema kweli. Yawezekanaje?

Kwanza, bahasha nazo huhesabiwa. Mteja hufikiri amenunua barua, lakini karani huhesabu barua pamoja na bahasha yake. Pili, kipande kikipotea njiani hutumwa tena, na mara nyingine huhesabiwa mara mbili, hasa mahali ambapo mnara uko mbali na mawimbi ni dhaifu. Tatu, simu yenyewe hufanya kazi wakati mwenyewe amelala: hurekebisha programu zake, huleta picha za matangazo, hupeleka nakala za picha mahali pa kuzihifadhi. Nne, video nyingine huanza kucheza kabla ya mtu kuzigusa. Mega zimetoka kweli, ila mwenye simu hakujua kwamba amefungua mlango.

Tena liko jambo la ukubwa wa kopo lenyewe. Giga moja ni baiti ngapi? Kwa hesabu ya kawaida ni 1,000,000,000. Lakini mafundi wa kompyuta tangu zamani wamezoea kuhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000, na kwao giga moja ni baiti 1,073,741,824. Tofauti yapita saba katika mia. Mwaka 1998 chama cha kimataifa cha vipimo vya umeme, IEC, kilitoa majina mengine kwa kopo lile kubwa ili watu wasichanganyikiwe, lakini majina hayo hayakuenea katika soko. Basi muuzaji akiuza giga ndogo, na simu ya mteja ikahesabu kwa giga kubwa, wote wawili watakuwa wakweli na bado watagombana.

Je, muuzaji anayetumia kopo dogo ni mwizi? Sivyo, ikiwa amesema. Kopo dogo si dhambi. Dhambi ni kopo dogo linaloitwa kubwa. Lakini neno "ikiwa amesema" lina uzito. Kusema ni kusema kwa lugha anayoielewa mnunuzi, kabla hajalipa. Maneno yaliyofichwa katika maandishi madogo ya Kifaransa, mbele ya mama asiyesoma Kifaransa, hayajasemwa bado.

WALIMU WETU WALISEMA NINI

Sheria ya Musa ilikataza mtu asiwe na mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Nabii Amosi aliwakemea wafanya biashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei, wakawanyonya maskini. Walijua watu hao ya kuwa maskini hana kipimo chake mwenyewe. Hutegemea cha muuzaji.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoandika juu ya hila katika kuuza na kununua, alitenga mambo mawili ambayo hutusaidia sana hapa. Anayepunja kipimo akijua, atenda hila na dhambi, na lazima arudishe. Lakini anayepunja bila kujua, kwa sababu kipimo chake kina kasoro, hana dhambi. Ila siku atakapojua, hapo hapo amefungwa kurudisha kilichopungua. Wala Tomaso hakuishia kwa muuzaji. Alisema na mnunuzi vile vile: akijua ya kuwa muuzaji amekosea na kumpa zaidi ya kile alicholipia, hana ruhusa ya kukaa kimya.

Tuweke mfano, kama walivyozoea kufanya walimu wetu seminarini. Tuseme kijana mmoja katika Mangobo awauzia majirani kwa antena yake. Mashine yake huhesabu baiti kwa hesabu yenye mwisho, kama ile ya kilometa katika motokari ya zamani, ambayo ikifika 99,999 hurudi sifuri. Hesabu ya mashine zile hufika 4,294,967,295, na baiti moja ikiongezeka, huanza tena sifuri. Mafundi walilijua jambo hili, na mwaka ule ule wa 2000 waliweka hesabu ya pili ya kuonyesha ya kwanza imejaa mara ngapi. Lakini tuseme kijana wetu hakuisoma hiyo ya pili. Jirani yake, mwalimu wa shule, anatumia baiti bilioni 5 bila kukata, na mwisho wa mwezi anapewa deni la baiti 705,032,704 tu. Mwalimu anajua alichotumia. Anatabasamu, analipa, anakwenda zake.

Je, ametenda haki? Hakuvunja mlango, hakudanganya kwa kinywa. Lakini giga nne na zaidi alizozipata zilinunuliwa na kijana yule kwa fedha yake. Ni deni. Mwalimu amefungwa kusema, naye kijana amefungwa kutengeneza mashine. Na mambo yakigeuka, ikawa mashine inaongeza badala ya kupunguza, kijana akigundua hawezi kusema, "Lo, ilikuwa kosa la mashine," na kuweka fedha mfukoni. Mashine haina roho wala haina hukumu. Kosa likishajulikana huwa ni la mwenye mashine, na fedha ni ya jirani.

Wengine watasema: "Kijana wa Mangobo tutamrudishia, lakini kampuni kubwa ni tajiri, haitaumia." Hatukubali. Haki haitazami ukubwa wa mfuko. Tukianza kusema kwamba kumpunja tajiri si kitu, tajiri naye atasema ya kuwa kuwapunja maskini milioni moja, kila mmoja faranga kumi, si kitu, maana hakuna hata mmoja atakayelia. Na hilo ndilo la kuogopwa katika vipimo vya mashine: kosa dogo, likirudiwa juu ya watu wengi, ni mali nyingi, na hakuna anayeliona.

KIPIMO CHA KUTAZAMWA NA WAWILI

Katika nchi yetu watu wana sababu ya kuogopa mizani wasiyoweza kuisoma. Wakati wa Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold wa Pili, toka 1885 hata 1908, wanakijiji walileta vikapu vya mpira wa msituni katika vituo, na ajenti ndiye aliyepima. Ajenti huyo alipata zawadi kwa kadiri ya mpira aliokusanya. Aliyeleta hakuwa na mizani yake, wala hakuwa na mtu wa kumlalamikia. Mpira ukionekana umepungua, alipigwa fimbo, au mke wake alishikwa. Hatusemi kampuni za leo ni kama watu wale. Twasema tu ya kuwa kipimo kilicho mikononi mwa mmoja, anayefaidika kwacho, bila jicho la pili, ni majaribu makubwa kwa mwanadamu ye yote.

Kwa hiyo twaona ya kuwa haki hudai zaidi ya karani mwaminifu. Hudai karani anayeweza kuchunguzwa. Muuzaji amwonyeshe mteja hesabu yake wakati anapotumia, si baada ya kwisha tu. Mteja akiuliza, aonyeshwe siku, saa na kiasi. Na juu ya wote wawili awepo wa tatu asiyefaidika. Kwa simu na intaneti nchi yetu ina mamlaka ya ARPTC, na kazi ya mamlaka ya namna hiyo haiwezi kuwa kupanga bei na kutoza kodi tu. Kupima kipimo ni kazi ya kale ya mtawala, kama zamani wakaguzi walivyozunguka sokoni na mawe ya mizani yaliyo sahihi.

Jambo hili la jicho la pili laihusu Serikali pia. Mwaka 2020 Serikali ilianzisha daftari la simu za mkononi, lililojulikana kwa jina la RAM. Kusudi lililotajwa lilikuwa kuzitambua simu na kuzuia simu za bandia na za wizi. Mwenye simu ya kisasa alitozwa dola 7 kwa mwaka, nazo zilikatwa kidogo kidogo na mashine katika inite zake. Watu walinung'unika nchi nzima, wabunge walilipinga jambo hilo mwaka 2021, na mwanzoni mwa mwaka 2022 malipo hayo yakaondolewa. Sisi hatuhukumu nia ya mtu. Lakini fundisho liko wazi: kusudi jema haliusafishi mkono unaoingia mfukoni gizani. Mtu aliyenunua inite za kuongea, akazikuta zimepungua kabla hajaongea, alijiona ameibiwa, hata kama iliandikwa katika amri.

Na siku nazo ni kipimo. Watu wengi huuliza kama ni haki mega kufa siku zikiisha, hali zimelipwa. Tufikiri vizuri. Anayemvusha mtu kwa mtumbwi kutoka mjini kwenda Lubunga huuza nafasi; nafasi iliyokaa tupu asubuhi hawezi kuiuza jioni. Njia ya intaneti ni vivyo hivyo: upana wake wa leo usipotumika leo haukai ghalani. Basi kuuza mega za siku moja kwa bei nafuu si wizi, ikiwa siku zimetajwa na mnunuzi amechagua. Lakini tukumbuke tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilipofungwa nchini kwetu karibu siku ishirini. Aliyekuwa na mega za mwezi mmoja alifanyaje? Mto ulifungwa, mtumbwi haukwenda. Muuzaji labda hakuwa na hatia, kwa kuwa alipewa amri. Hata hivyo kuzihesabu siku zile kana kwamba zilitumika hakupatani na haki. Siku ambazo njia imefungwa hazipaswi kuhesabiwa juu ya abiria.

KUPIMA BARUA BILA KUIFUNGUA

Sasa tunafika penye hatari ambayo watu huizungumza kidogo, nayo yaweza kuwa kubwa kuliko ile ya fedha. Karani anayehesabu yuko mlangoni, na aliye mlangoni huona wanaopita.

Zamani posta barua ilipimwa uzito ili ijulikane stempu ngapi zitabandikwa. Karani aliiweka juu ya mizani, akasoma gramu, akapiga muhuri. Hakuifungua. Uzito ulikuwa haki yake kuujua. Maneno ya ndani hayakuwa haki yake. Katika intaneti siku hizi barua nyingi zimefungwa kwa ufunguo, hata mwenye ruta hawezi kuzisoma. Lakini anwani iliyo juu ya bahasha mara nyingi huonekana. Ziko mashine zinazoweza kuandika si kiasi tu, bali kila mtu ameongea na mahali gani, saa ngapi, kwa muda gani. Kwa kazi ya kulinda mtandao maandiko hayo yana faida. Kwa kazi ya kudai fedha, mara nyingi hayana haja.

Turudi kwa kijana wetu wa mfano. Akitaka, aweza kujua kwamba jirani fulani huamka usiku wa manane na kutafuta habari za ugonjwa fulani. Kwamba mke wa fulani huandikiana na watu wa nchi ya mbali. Kwamba mwalimu anatafuta kazi mahali pengine. Hakuiba habari hizo. Zilipita mbele yake. Je, ni zake?

Walimu wa maadili hutofautisha siri za namna tatu. Iko siri ya asili: jambo ambalo kwa tabia yake likifunuliwa litamdhuru mtu, nalo hunyamaziwa hata kama hukuahidi. Iko siri ya ahadi: uliambiwa jambo, ukaahidi baadaye kunyamaza. Na iko siri ya kuaminiwa, iliyo nzito kupita zote mbili: ile inayomfikia mtu kwa sababu ya kazi yake, kama mganga, mwanasheria, au karani, kwa kuwa watu hawawezi kupata msaada wake bila kumwonyesha. Mwenye mtandao yumo katika namna hii ya tatu. Majirani hawakumpa siri zao kwa kupenda; hawana njia nyingine ya kupita ila mlango wake. Kwa hiyo akizitoa barazani, au akiziuza kwa wafanya matangazo, au akizitumia kumtishia mtu, avunja amana. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 31, humlinda kila mtu katika maisha yake ya faragha na katika siri ya barua na mawasiliano yake. Lakini hata pasipo Katiba, dhamiri ingetosha.

Wako watakaojibu: "Tusipoandika yote, mteja akikataa deni tutamshindaje?" Hoja hii ina haki ndani yake, nayo yastahili jibu. Mfanya biashara aandike kinachothibitisha deni: nani, lini, kiasi gani. Akitunze mpaka muda wa malalamiko upite, kisha akifute. Wapi mteja alikwenda hakuthibitishi deni; giga moja ya masomo na giga moja ya mchezo ni bei moja. Anayekusanya zaidi ya kile deni linachohitaji hakusanyi tena kwa ajili ya deni. Na ajiulize basi anakusanya kwa ajili ya nini.

TUFANYE NINI

Ndugu wasomaji, tusibaki katika kulalamika. Kipimo cha pili kiko mikononi mwetu na wengi hawakijui. Simu za Android tangu toleo la 4.0 la mwaka 2011 zina mahali panapoonyesha mega zilizotumika, na programu ipi ilizitumia. Simu nyingine nazo zina hesabu yao. Siku unaponunua mega, tazama hesabu hiyo na uiandike. Zikiisha, tazama tena. Ukikuta tofauti ndogo, usishangae. Tumekwisha kuona habari za bahasha, za kurudiwa na za giga kubwa na ndogo. Ukikuta tofauti kubwa, na tena mwezi wa pili, na tena wa tatu, nenda kwa muuzaji na maandiko yako mkononi, useme kwa upole lakini useme. Anayesema "wameniibia" pasipo hesabu hutupa maneno hewani. Anayeleta hesabu amekwisha kuwa jicho la pili.

Wazazi wawafundishe watoto kuzima programu zinazokula usiku. Vijana wanaojua wawasaidie wazee wasiojua, bila kuwadai, maana ujuzi huo hauwapungukii wakiugawa. Na tusijipe ruhusa ya kuingia katika mtandao wa jirani kwa neno la siri tulilolipata kwa hila, kisha tukasema ni hewa tu. Yeye huilipia hewa hiyo.

Nanyi vijana mliosoma ufundi huu, mnaoketi mbele ya mashine za kuhesabu, katika kampuni au chini ya paa lenu wenyewe, kwenu twasema neno la pekee. Kazi yenu haionekani, na hakuna atakayewapongeza ikiwa sahihi. Mama anayetuma picha ya mtoto wake hatajua kamwe ya kuwa mlisoma hesabu ya pili, ya kuwa mlirudisha mega zilizokatwa kwa kosa, ya kuwa mlifuta yale yasiyowahusu. Hata hivyo amewawekea mikononi fedha yake na siri zake. Mtunzieni vyote viwili, na siku atakapokuja kuuliza, mfungulieni daftari lake alitazame.